Milimita Saba za Mpira

Mtu akisema anaenda kuzamia Kenya, akili za wengi hukimbilia Diani au Watamu: maji maangavu, samaki wa rangi zote, nyuzi joto 28. Huko unaweza kuingia na kaptula na fulana, ukatoka baada ya nusu saa bila hata kupiga chafya. Sisi wa Eldoret tuko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yetu ni ya mabwawa. Hakuna mashua wala ngazi ya kuteremkia. Unaingia kwa miguu kutoka ukingoni, matope yakikushika vifundo, na kazi inayokusubiri chini ni kuzibua chujio la bomba lililojaa magugu au kutafuta pampu iliyoteleza. Siku nyingine ni kumtafuta mtoto wa mtu.

Nilizamia pwani miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani, kwa hiyo vijana wanaotaka kuifanya kazi hii hunijia na swali lilelile: "Mzee, ninunue suti ya milimita ngapi?" Mimi huwajibu kwamba waniulize hilo baadaye. Kwanza nataka kujua kama suti imekukamata mwili. Suti ya milimita saba inayokupwaya mgongoni ni duni kuliko ya milimita tano iliyokubana kila mahali, na hilo nitalirudia mpaka mchoke, kwa sababu watu hununua namba iliyoandikwa kwenye lebo.

Tuanze na baridi yenyewe. Wastani wa joto la hewa la Eldoret kwa mwaka ni nyuzi 17 hivi, na maji ya chini ya bwawa hukaa karibu na wastani huo. Juu, jua la saa saba likipiga, maji hupata uvuguvugu wa kudanganya. Ukishuka kidogo tu unakutana na tabaka la baridi, na huko ndiko kazi iliko. Nyuzi 17 si barafu, na hewa ya nyuzi 17 watu wetu huivalia sweta moja wakaendelea na shughuli zao. Lakini maji hupitisha joto kwa kasi ya mara 25 hivi kuliko hewa, na mwili wako wa nyuzi 37 hauna namna ya kushindana nayo kwa muda mrefu.

Baridi haikuvamii yote kwa mara moja. Dakika ya kwanza inakukata pumzi: unavuta hewa bila kutaka, na moyo unakwenda mbio. Wengi wanaozama mabwawani wakijua kuogelea huponzwa na dakika hiyo, maana pumzi ile isiyozuilika ikikukuta uso uko chini ya maji, unavuta maji. Ukiipita, vidole vinaanza kufa ganzi. Unashika spana lakini huisikii, na fundo la kamba ulilolifunga mara elfu linakushinda kulifungua. Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35, akili nayo inaanza kuchelewa. Mzamiaji aliyefika hapo atakuambia yuko sawa, na wewe unamwona midomo imebadilika rangi. Mtoe, usibishane naye.

Dawa iliyopatikana kwa haya yote ni mpira wenye viputo. Neoprini ilitengenezwa na wanakemia wa kampuni ya DuPont nchini Marekani mwaka 1930, ila ilikaa miaka ishirini bila mtu kuwaza kuivaa majini. Mwaka 1951 mwanafizikia Hugh Bradner, wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, alikuwa akitafuta vazi la wazamiaji wa jeshi la majini. Mpaka wakati huo watu waliamini kwamba ili usipate baridi ni lazima usilowe. Bradner aliona kwamba kulowa si neno, mradi kati ya ngozi na maji ya nje pawe na kitu kinachozuia joto lisitoke. Viputo vya gesi vilivyofungiwa ndani ya mpira hufanya kazi hiyo. Maji machache yanayopenya hupashwa joto na mwili na kubaki pale pale. Hakuchukua hataza ya maana juu ya wazo lake, na kabla ya muongo kwisha wafanyabiashara wa California, akina Jack O'Neill na ndugu Meistrell, walikuwa wakiuza suti za namna hiyo madukani.

Angalieni maneno hayo: maji machache, na yabaki pale pale. Hapo ndipo kubana kunapokuwa na maana. Suti ikiacha nafasi kwapani au kwenye bonde la mgongo, kila unapoinama au kunyoosha mkono inavuta maji mapya ya baridi na kusukuma nje yale uliyokwisha kuyapasha. Unabaki unapasha joto bwawa zima.

Mpwa wangu aliyataka maelezo haya kwa vitendo, kwa hiyo tukaingia sokoni kwenye mitumba. Suti za kuzamia hufika Eldoret mara mojamoja, zikiwa zimejificha ndani ya marobota ya nguo za michezo, na wauzaji wengi huzitandaza pamoja na nguo za waendesha baiskeli.

"Mzee, hiyo ni nguo," muuzaji aliniambia alipoona nimeishika. "Ya baridi. Vaa ndani ya koti, hutasikia Julai."

"Ni ya majini, mama."

"Ya majini? Basi ongeza mia mbili."

Suti ya mtumba ikague kwa vidole gumba kabla ya macho. Bonyeza mpira pale magotini, kiunoni na kwenye makalio, halafu uachie. Ukiinuka mara moja, viputo vingali hai. Ukibaki na alama ya kidole, viputo vimepasuka. Hiyo ni suti iliyozamishwa sana kwenye kina kirefu, au iliyokaa imekunjwa stoo, na saba iliyoandikwa kwenye lebo pengine sasa ni nne. Kisha kunja kitambaa ndani nje uone kama kuna nyufa ndogondogo. Inyanyue kuelekea juani ukague mishono: mshono mzuri umetiwa gundi kwanza, ukashonwa kwa sindano isiyotoboa mpira hadi upande wa pili. Ukiona vitundu vya mwanga, maji nayo yameviona. Zipu ivute huku na huku. Harufu usiijali sana, wazamiaji wote hukojoa ndani ya suti na wanaokataa ni waongo; baridi ya maji husukuma damu ndani ya mwili, na figo huanza kufanya kazi zaidi. Itafuliwa.

Ile tuliyoishika ilifaulu mtihani wa vidole. Milimita tano, zipu ya mgongoni, magoti yenye viraka vigumu. Mpwa wangu aliijaribu nyuma ya pazia la kibanda, miguu ikiteleza vizuri ndani ya soksi za nailoni za mke wangu. (Zamani tulivaa mfuko wa plastiki mguuni suti ipite haraka, lakini mifuko imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na soksi ni bora hata hivyo.) Nikamwambia achuchumae, anyanyue mikono, ajizungushe. Nikampiga kofi mgongoni, pale juu ya kiuno. Pakalia kama kibuyu.

Mlio huo ni wa nafasi tupu. Na hapa Eldoret ina shida yake ambayo sijaikuta Mombasa. Mpwa wangu alikuwa mkimbiaji wa mita 10,000 kabla ya goti kumsaliti: mrefu, mwembamba, mapaja yenye misuli, kiuno chembamba, mafuta ya mwili karibu hayapo. Suti za dukani zimekatiwa watu wenye vifua vipana na matumbo yao. Mkimbiaji akivaa inayomtosha urefu, inampwaya kiunoni; akivaa inayombana kiunoni, mikono inaishia nusu ya kigasha. Juu ya hayo, mtu asiye na mafuta chini ya ngozi hupoa upesi kuliko mnene. Nimeona vijana wenye mapafu ya kupanda Iten bila kuhema wakitetemeka kabla ya mzee mwenye kitambi kuanza kusikia ubaridi. Mtu wa umbo hilo asinunue suti na kwenda nayo majini vilevile. Aipeleke kwa fundi.

Fundi wetu ni wa viatu. Gundi anayobandikia soli, ile ya kupaka pande mbili, kusubiri ikauke kidogo halafu kugandamiza, mara nyingi imetengenezwa kwa neoprini ileile ikiwa imeyeyushwa, na hushikana na mpira wa suti vizuri ajabu. Alichora kwa chaki kipande kirefu chenye ncha mbili mgongoni, akakikata, akaunganisha kingo kwa gundi, akaacha siku nzima, kisha akashona juu juu bila kutoboa. Kwapani alifanya hivyo hivyo. Nilimsimamia kwenye sindano tu, maana mazoea ya kiatu ni kutoboa mpaka upande wa pili. Suti iliporudi nikampiga tena mgongoni. Kimya.

Sasa tunaweza kuzungumza milimita. Kwa bahari yetu ya Kenya, ambayo huwa kama nyuzi 25 wakati wa kusi na kufika 29 kaskazi inapoelekea kwisha, milimita tatu zinatosha. Kwa maji ya nyuzi 17 au 18, vitabu vingi vitakuambia saba. Mimi hupendelea tano iliyokaa mwilini, na juu yake fulana ya neoprini yenye kofia iliyoshonewa hapohapo. Kifua kinapata tabaka mbili, shingo haina mwanya, na mabega yanabaki huru kufanya kazi ya spana. Saba kamili namshauri anayekaa muda mrefu bila kusogea sana, au anayerudi majini mara ya pili siku hiyohiyo, kwa sababu kuingia kwa pili huanza mwili ukiwa umeshapoteza joto hata kama hujisikii hivyo.

Lakini mpira wenye viputo una udhaifu wake: unashuka nao, unasinyaa. Baharini, ukifika mita 10, mgandamizo umekuwa maradufu ya ule wa juu, na gesi iliyomo kwenye viputo imebaki nusu. Gari lililotumbukia kutoka feri ya MV Harambee kule Likoni tarehe 29 Septemba 2019 liliopolewa tarehe 11 Oktoba kutoka kina kilichotangazwa kuwa mita 58. Kina kama hicho mgandamizo unakaribia mara saba ya ule wa juu. Suti nene uliyoivaa juu inakuwa huko chini kama karatasi, na ndiyo maana wanaofanya kazi za kina kirefu hawategemei viputo.

Kwetu milimani hesabu ni tofauti kidogo. Mgandamizo wa hewa Eldoret ni karibu asilimia 78 ya ule wa Mombasa, kwa hiyo ndani ya bwawa letu unafika maradufu kwenye mita 8, si 10. Suti inaanza kusinyaa mapema. Kuna jambo zito zaidi ya suti: majedwali ya kuzamia yaliandikwa kwa usawa wa bahari, na mita 12 za huku zinapaswa kuhesabiwa kama 15. Asiyejua kufanya hesabu hiyo asizamie huku na mtungi, hata akiwa na cheti cha pwani ukutani.

Na kwa kuwa nimeitaja pwani: vijana wetu wanaokwenda Mombasa kujifunza hupenda kuzamia asubuhi ya siku ya mwisho halafu kupanda basi la usiku. Msifanye hivyo. Ushauri wa kimataifa ni kungoja saa 12 baada ya kuzamia mara moja, na saa 18 baada ya kuzamia mara kadhaa, kabla ya kupanda mahali pa juu, na saa hizo ni za urefu usiozidi mita 2,400. Barabara ya kwetu inapita Timboroa, ambako ni zaidi ya mita 2,600. Naitrojeni iliyobaki mwilini haijui kwamba uko kwenye basi wala si kwenye ndege. Lala Mombasa siku nzima nyingine, kula pweza, ndipo urudi.

Tuje ukingoni, ambako vitabu vya wazungu vya kuzamia kutoka mashuani havisaidii. Chukua bwawa kama la Kesses. Unatembea kutoka garini ukiwa na mtungi mgongoni na mkanda wa risasi kiunoni, unapita nyasi, mawe, pengine waya wa miiba wa mtu aliyezungushia malisho yake. Buti za neoprini zenye soli laini za kuvaa ndani ya mapezi hazitakutosha. Tafuta zenye soli ngumu ya kukanyagia, na mapezi yenye nafasi ya kuziingiza. Kuna suti ambazo mpira wake wa nje hauna kitambaa, laini kama tyubu. Hizo ni nzuri sana kwenye upepo kwa sababu hazibaki na maji juu, ila waya wa miiba unazichana kwa mguso mmoja. Kwa kazi ya ukingoni nachukua yenye kitambaa pande zote, na magoti yaliyokingwa, kwa maana utatoka majini ukitambaa.

Kupoa kukubwa hutokea nje. Kazi imekwisha, umesimama ukingoni, upepo wa alasiri unavuma, na kuanzia Aprili mpaka Agosti pengine mvua inakaribia. Maji yaliyo juu ya suti yanakauka, na kila tone linalokauka linaondoka na joto lako. Hapo ndipo watu hutetemeka kuliko walivyotetemeka majini. Kwa hiyo kabla ya kununua jiulize kama unaweza kuivua suti hiyo vidole vikiwa na ganzi. Zipu ya mgongoni iwe na kamba ndefu. Leta koti kubwa lisilopitisha upepo la kuvaa juu ya suti ukiwa bado umelowa, na chai ya moto yenye sukari kwenye chupa. Wapo wanaoleta chang'aa kwa ajili ya "kupasha damu". Pombe hupanua mishipa ya ngozi, unasikia moto, na joto la ndani linatoka nje kwa kasi. Niliwahi kuimwaga chini mbele ya mwenyewe, na hakuniongelesha hadi jioni.

Kofia ni lazima. Si kweli kwamba nusu ya joto la mwili hutokea kichwani, kama tulivyofundishwa. Kichwa hupoteza takribani sehemu inayolingana na ukubwa wake. Lakini katika suti nzima ndicho kinachobaki wazi, na maji ya baridi sikioni yanaweza kukupa kizunguzungu usijue juu wala chini. Ndani ya maji ya tope ambamo huoni mkono wako, kizunguzungu ni hatari. Glavu ziwe za milimita tatu, zikizidi hapo hutashika nati.

Mwisho kuna suti kavu, ambayo haiingizi maji hata kidogo. Inafungwa kwa mipira ya lateksi shingoni na mikononi, ina zipu isiyopitisha maji, na joto lako linatunzwa na nguo unazovaa ndani pamoja na hewa unayoiingiza kwa vali kutoka kwenye mtungi. Mpya inaweza kugharimu bei ya ng'ombe wa maziwa wa daraja la kwanza, na ukiongeza mafunzo unamfikia na ndama wake. Mafunzo si hiari. Hewa ile ikikukimbilia miguuni inakugeuza kichwa chini na kukurusha juu usivyotaka. Lakini kwa wanaotafuta waliozama, kwenye maji yaliyopokea kila uchafu wa mashamba na vijiji vya juu, nasema bila kuuma maneno: hiyo ndiyo suti yao, na si haki kumtuma kijana na kaptula kazi ambayo mwajiri wake mwenyewe asingeingiza kidole. Kikosi kinaweza kununua moja au mbili za vipimo tofauti na kuzitunza pamoja. Ndani yake usivae pamba. Pamba ikilowa jasho inakuwa barafu. Hapa Eldoret tuna bahati, nguo za ndani za wakimbiaji, zile nyembamba zinazosukuma jasho nje, zimejaa sokoni, na mbili zikivaliwa chini ya sweta la flisi zinatosha kwa maji yetu.

Suti yoyote utakayochagua, isuuze kwa maji safi, ianike kivulini kwenye hanga pana. Juu ya bati la nyumba jua la Eldoret litaikausha mpaka ipasuke. Lateksi ipake poda isiyo na manukato.

Kabla ya kazi yoyote na suti mpya tunapima risasi. Mpira mnene unaelea sana, kwa hiyo mkanda unahitaji kilo zaidi kuliko ule wa suti nyembamba. Lakini maji ya bwawa hayana chumvi na hayakubebi kama bahari, hivyo mzamiaji wa kilo 80 au 90 pamoja na vifaa vyake hupunguza kama kilo mbili kwenye hesabu aliyoizoea Mombasa. Mpwa wangu alisimama kwenye maji yanayomfika kifuani, mtungi ukiwa karibu kwisha, maana mtungi mtupu ndio mwepesi, akakunja miguu. Risasi iliyozidi tuliitoa hapohapo, kilo moja moja, mpaka alipoweza kukaa na pumzi ya kawaida maji yakiwa usawa wa macho.